Tumulike njia, si mwizi peke yake

Wakenya walipoipa jina taa kubwa inayotundikwa langoni au juu ya mlingoti, hawakuitazama kazi yake ya kuonyesha njia. Waliiita mulika mwizi, na jina hilo hilo hutumiwa hata kwa simu ya bei nafuu yenye tochi kichwani. Sisi tunaofundisha sarufi twajua kwamba kumulika ni kitenzi elekezi. Hakikamiliki mpaka pawe na kinachomulikwa. Basi umma umekwisha kuchagua yambwa yake, naye ni mwizi. Mwenye nyumba, mgeni wake na mtoto wake hawamo katika sentensi hiyo.

Nimelifikiria jambo hili tangu usiku mmoja nilipokuwa nikirejea nyumbani kwetu Kabazi. Ikweta inapita karibu nasi huku Subukia, na kwa hiyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia kwa haraka. Nilifika saa mbili. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya gari kutoka langoni imeteremka kidogo na ina utelezi, na juu ya mlango wa banda la gari ilikuwa ikiwaka taa ya wati 50 niliyoinunua mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, tena kwa fahari, ikitazama langoni moja kwa moja.

Taa hiyo ilinitia kiwi. Niliona duara jeupe na nyuma yake weusi mtupu. Nilikwenda polepole kwa mazoea, kama mtu anayeijua njia yake, hadi niliposikia sauti ikipiga kelele, nikakanyaga breki. Hatua mbili hivi mbele ya gari alikuwa amesimama mpwa wangu, daftari mkononi. Alikuwa ameketi juu ya jiwe kandokando ya njia, amenipa mgongo, akisoma kwa mwanga wa taa ile ile. Anajitayarisha kwa mtihani wa KCSE, na mle ndani balbu ya sebuleni ilikuwa imeungua siku mbili kabla, wala hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha upesi maadamu nje kulikuwa na mwanga.

“Pole mjomba, nilidhani umeniona,” aliniambia. Yeye ndiye aliyeniomba radhi!

Hapana shaka walimu wengi wanaosoma safu hii wanawafahamu wanafunzi wa namna hiyo, wanaosomea chini ya taa ya lango, ya duka au ya kituo cha mafuta. Twawasifu kwa bidii yao. Aghalabu hatuulizi wanaketi wapi hasa, wala dereva anayeingia anaona nini.

Anaona kidogo mno. Jicho lililozoea giza huhitaji dakika 20 au zaidi kuipata tena nguvu yake yote baada ya kupigwa na mwanga mkali. Tena taa moja kali huzaa kivuli kikali: nyuma ya tangi la maji, nyuma ya nguzo, nyuma ya gari lenyewe. Mwizi tunayemwogopa anavijua vivuli hivyo kuliko sisi. Na mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali; ukizidisha umbali maradufu, unabaki na robo tu. Ndiyo sababu taa iliyo juu kabisa ya paa huhitaji nguvu nyingi ili iangaze ardhi kidogo.

Gharama nayo si ya kupuuzwa. Wati 50 zikiwaka saa 12 kila usiku kwa siku 30 hula uniti 18. Katika viwango vya bei ya umeme vilivyotangazwa mwaka 2023, daraja la chini kabisa la watumiaji wa nyumbani lilikuwa la uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Yaani taa moja ya kumtisha mwizi yaweza kumeza zaidi ya nusu ya fungu la familia maskini, kisha tokeni zikiisha, mtoto arudishiwe koroboi.

Taa 3 ndogo za LED, za wati 5 kila moja, zingekula uniti 5.4 kwa muda ule ule. Ziwekwe chini, kimo cha goti au kiuno, zifunikwe juu ili mwanga uangukie ardhini. Kwenye mlango wa banda pawe na taa pande zote mbili, maana yenye kuwa nyuma yako humfanya mtu ajizibie tundu la kufuli kwa kivuli chake mwenyewe. Ile kubwa, ikiwa lazima iwepo, ipewe kihisi cha mwendo na ielekezwe chini. Mwanga wa manjano ni bora kuliko mweupe wa kibuluu; hautii kiwi sana, na majira ya mvua hauiti kumbikumbi wengi. Wenye kutegemea sola wakumbuke kwamba paneli iliyo chini ya mti haishibi jua, na wakati wa masika itazimika kabla ya usiku wa manane. Asiye na uwezo wa hayo yote apake chokaa mawe ya kandokando ya njia. Taa za gari zitafanya yaliyobaki. Kazi ya nyaya za nje, hata hivyo, iachiwe fundi mwenye leseni, kwani maji na umeme havina mzaha.

Mimi nilianza na balbu ya sebuleni, asubuhi ya kesho yake, kabla ya kupanda ngazi kuigeuza ile kubwa. Mpwa wangu sasa anasomea mezani. Limebaki tatizo moja: jirani yangu wa upande wa pili, baada ya kuona nimeipunguza taa yangu, amefunga yake, kubwa zaidi, na inatazama kwetu. Nimekusudia kwenda kumwona Jumapili.