Kumfundisha mbwa michezo si kasumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wasomaji wengi wataliona dogo, lakini mimi naona si dogo hata kidogo. Nataka kuzungumzia kumfundisha mbwa wa nyumbani michezo, yaani kukaa, kulala chini, kutoa mkono, kuzunguka na kuleta mpira.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika mtaa wetu, tulikusanyika chini ya mwembe tangu asubuhi kumngoja bwana mifugo. Waliokuja na mbwa walikuwa wengi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini namna walivyokuja ilisikitisha. Mbwa walivutwa kwa kamba na minyororo, wengine wakiburuzwa kama magunia ya mkaa. Walikuwa ni mbwa ambao hawajapata kushikwa na mkono wa binadamu isipokuwa kwa kupigwa. Walipoona umati wa watu na mbwa wenzao, vurugu ikaanza. Mmoja alimng'ata mtoto yule yule aliyemleta, ikabidi apelekwe hospitali. Wengine watatu walikata kamba wakatoroka, na wenyewe wakarudi nyumbani na vipande vya kamba mkononi, bila chanjo.

Ilipofika zamu ya mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 12, alimwambia mbwa wetu, "Simba, kaa." Simba akakaa. Akamwambia, "Mkono." Simba akatoa mguu wa mbele. Bwana mifugo akamdunga sindano huku mbwa anamtazama kijana usoni, akingoja dagaa wake. Watu walicheka na wengine wakapiga makofi. Lakini mzee mmoja ninayemheshimu sana alinigeukia akasema, "Mwalimu, mambo gani haya? Mbwa kazi yake kulinda. Kupeana mkono na mbwa ni kasumba ya wazungu, mnawaharibu watoto." Waliokuwa karibu naye wakamwunga mkono.

Sikupenda kubishana na mzee mwenzangu mbele ya vijana. Basi kwa ruhusa yako, Ndugu Mhariri, namjibu leo kwa heshima, yeye na wengine wenye mawazo kama yake.

Kwanza, si kweli kwamba kumfundisha mnyama ni mambo ya wazungu peke yao. Wawindaji wetu wa zamani waliingia porini na mbwa waliojua mluzi wa bwana wao. Na kama mtu anataka mfano wa leo, asiende mbali, aje hapa kwetu Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya mmoja aliyezaliwa hapa Tanzania mwaka 2013, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Huko aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Magawa alikufa Januari 2022, na habari zake zilitangazwa dunia nzima.

Je, panya yule alifundishwa kwa fimbo? Hapana. Panya hawa hufundishwa kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi au karanga. Akifanya sawa, anasikia mlio, kisha anapewa chakula. Akikosea hapigwi, ila hapati kitu. Sasa nauliza, ikiwa panya anafundishwa kwa ndizi mpaka anaokoa maisha ya watu, kwa nini sisi tunaendelea kuamini kwamba mbwa, ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hawezi kuelewa lugha nyingine isipokuwa mpini wa jembe?

Pili, wapo wanaosema mbwa akifundishwa michezo ataacha kulinda. Hayo ni makosa. Mbwa habweki kwa kuwa ana njaa au kwa kuwa amefungwa mnyororo mchana kutwa. Anabweka kwa sababu ndiyo tabia yake anaposikia mgeni. Mbwa wa polisi wanafundishwa kukaa, kulala, kuleta na kuacha, na hakuna mhalifu anayewaona kuwa ni mbwa wa mchezo. Tofauti ni kwamba mbwa aliyefundishwa akiambiwa "acha", anaacha. Yule wa mnyororo hana habari na neno hilo. Siku mnyororo ukikatika, hachagui kati ya mwizi na mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Tunajivunia vibao vyetu vya "Mbwa Mkali" getini, lakini wanaoumwa mara nyingi ni watoto wetu wenyewe na wa jirani.

Tatu, kuna wale wanaoshikilia fimbo kwa kusema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa naomba niseme ukweli wangu. Mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi na fimbo nilikuwa nayo. Simba alipoletwa nyumbani akiwa mdogo, nilianza naye kwa njia hiyo hiyo. Alipokojoa barazani nilimchapa. Alipochelewa kuja nikimwita, nilimchapa alipofika. Baada ya mwezi mmoja alikuwa amejifunza jambo moja tu, nalo ni kukimbilia nyuma ya kuni kila asikiapo kikohozi changu. Nilimwona mjinga. Kumbe alikuwa amejifunza barabara somo nililomfundisha, kwamba kuja kwa Mwalimu ni kuchapwa.

Mjukuu wangu ndiye aliyemtoa kule nyuma ya kuni. Alifanya hivi: alichukua kipande cha dagaa, akakiweka mbele ya pua ya Simba, akakipandisha taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Mbwa akiinua kichwa kufuata harufu, kiuno kinashuka chenyewe. Kiuno kilipogusa ardhi, kijana alisema "Vizuri!" papo hapo akampa dagaa. Siku ya nne neno "kaa" peke yake lilitosha. Kisha akafumba dagaa katika ngumi na kuishusha karibu na ardhi. Simba alinusa, akalamba, mwisho akaparua kwa mguu, na ngumi ikafunguka. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutoa mkono. Kulala ni kuteremsha dagaa kutoka puani hadi ardhini, na kuzunguka ni kuiongoza pua yake kwa duara. Hakuna hata mmoja katika michezo hiyo uliohitaji kumsukuma wala kumkaripia.

Siri ya neno "Vizuri!" ni ile ile ya mlio wa panya wa Morogoro. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aligundua kwamba mbwa huanza kutoa mate hata kabla ya kula, kwa kusikia au kuona tu kile kinachotangulia chakula. Kwa hiyo neno likitangulia dagaa kila mara, neno lenyewe huwa na utamu. Lakini lazima litamkwe wakati ule ule mbwa anapofanya sawa. Ukichelewa, atadhani unamsifu kwa kitu kingine.

Kwa wasomaji wanaotaka kujaribu, nashauri mambo machache. Mfundisheni dakika tano tu, mara mbili kwa siku, kabla hajala. Tumieni neno moja kwa kila mchezo, na nyumba nzima ilitumie hilo hilo, si baba aseme "kaa" na mama aseme "chuchumaa". Vipande viwe vidogo: dagaa, tonge la ugali lililochovywa katika mchuzi usio na kitunguu, au pafu lililochemshwa. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali ikamchoma tumboni. Mbwa mchanga asirushwe juu ya vikwazo kabla mifupa haijakomaa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, wala asiweke uso wake karibu na mdomo wake. Na mbwa akichoka aachwe, kwa maana mchezo ukiwa adhabu si mchezo tena.

Nne, nataka nigusie jambo la imani, kwa kuwa mtaa wetu una Waislamu wengi na ni majirani zangu wema. Wapo waliodhani kwamba kumfundisha mbwa ni kumleta karibu na watu wasiotaka kuguswa naye. Mambo ni kinyume chake. Mbwa asiyefundishwa ndiye anayemrukia mgeni aliyekwisha tawadha na kumlamba kanzu. Simba amefundishwa mchezo tunaouita "mahali pako". Akiambiwa hivyo, anakwenda kwenye gunia lake pembeni ya uzio na kulala hadi aitwe. Jirani yangu anayepita kwangu akielekea msikitini haogopi tena. Aidha, yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba hata Kurani, katika Sura ya Almaida, inataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Kumbe kumfundisha mnyama kazi kunatambuliwa tangu zamani sana, na wala si uzushi wa wapenda anasa.

Ndugu Mhariri, sasa nirudi kwenye mwembe wetu, maana hapo ndipo penye uzito wa barua hii. Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, karibu asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Wataalamu wanasema mbwa wakichanjwa angalau asilimia 70 mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Chanjo yenyewe si ngeni. Tangu Julai 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa, na mtoto huyo akapona.

Dawa basi ipo, na bwana mifugo anakuja. Kinachotushinda mara nyingi ni kumfikisha mbwa mezani. Mbwa watatu waliokata kamba siku ile hawakukosa chanjo kwa sababu dawa ilikwisha. Walikosa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha kukaa na kushikwa kwa amani. Mtoto aliyeng'atwa hakuwa na kosa lolote, isipokuwa alitumwa na wakubwa kumburuza mnyama ambaye wakubwa hao hao wamemfanya adui. Na hapa nawakumbusha wazazi wenzangu: mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, mabwana mifugo wanapotangaza siku ya chanjo, watangaze wiki mbili kabla na wawaelekeze wenye mbwa kuwazoesha kukaa, kushikwa shingo na kushikwa miguu. La pili, walimu wa shule za msingi wautumie mfano huu wanapofundisha habari za wanyama na afya, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. La tatu, sisi wazee tuache kuwacheka vijana wanaokaa uani na mbwa na vipande vya dagaa. Kijana anayemngoja mnyama aelewe, bila kukasirika na bila kuinua mkono, anajifunza subira ambayo ataihitaji atakapokuwa na watoto wake.

Mzee wangu alisema tunawaharibu watoto. Mimi nasema mjukuu wangu amenifundisha, uzeeni, somo ambalo sikulipata katika miaka yangu yote ya ualimu. Sikuhizi nikikohoa, Simba hakimbilii tena nyuma ya kuni. Anatoka, anakuja mbele yangu na kukaa, akinitazama mfukoni.

Siku nyingine ya chanjo itafika, na mwembe bado upo. Namwomba mzee mwenzangu aanze leo na mbwa wake. Dagaa nitampa mimi.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.