Kwa mapafu yetu, mashini ndogo inatosha

Ndugu wachimbaji, siku hizi wakubwa wakisikia akili bandia, wanataka palepale mashini kubwa ya kuonyesha wageni. Miye naomba waulize umeme mbele ya kuuliza bei. Kabati moja ya NVL72 ya Nvidia inakula karibu kilowati 120, na iko inapozwa kwa maji. Hapa Kolwezi tuko mwisho wa laini ya Inga, kilometa karibu 1.700, na mnajua wenyewe namna umeme unakatikaka.

Lakini kadi L4 inakula wati 72, sawa taa ya zamani. Hata ukiongeza kompyuta yake, sola na batri zinaiweza. Na kazi iko: kusoma radio ya kifua. Tangu 2021 OMS inakubali programu zitafute kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, halafu makohozi yapimwe. Programu zingine hazihitaji hata intaneti. Vumbi ya mawe inafungulia ule ugonjwa mlango. Baba akianza kukohoa, watoto wanalala naye chumba kimoja.

Basi wanunue ndogo, waweke pale penye mashini ya radio. Franga inayobaki inunue batri za akiba, juu batri ndiyo inakufaka ya kwanza.