Hiyo Lulu ya Laivu Iliwekwa na Mtu

Wasee, wacha niseme kabla hamjanitoa kwa magrupu yenu. Zile laivu za kufungua chaza, unatuma 1,500, jamaa anaingiza kisu, lulu ya buluu inatoka na watu wanajaza mioyo kwa skrini? Hiyo lulu iliwekwa. Chaza alishakufa kitambo, akapasuliwa, akatiwa lulu ya bei rahisi iliyopakwa rangi, akafungwa kwa karatasi ya plastiki.

Najua kwa sababu nimeuza. Nilipoacha chuo nikarudi Tawa kukaa bure, na mfanyabiashara mmoja wa Nairobi akanipa kamisheni ya 200 kwa kila chaza. Mteja wangu wa kwanza alikuwa binamu yangu, ana kibanda cha M-Pesa hapa sokoni. Akapata mbili, buluu kabisa. Akazipeleka kwa sonara Machakos zifanywe herini. Mzee alipotoboa, akaona ni rangi ya kutiwa. Akamwambia, "Mama, hii ni ya maji baridi, na imechovywa."

Hesabu yenyewe ni rahisi, bana. Chaza wa maji chumvi anayefugwa Japani hutoa lulu moja, mbili. Kome wa maji baridi kule China anaweza kutoa thelathini na zaidi kwa mara moja. Ndiyo maana ile ndogo ya kuchovya, kwa bei ya jumla, haifiki sahani ya muthokoi. Na jiulize: mkulima amtunze chaza miaka, halafu auze lulu ya maana bila hata kuiona? Sisi watu wa Makueni tunauzia broka maembe kwa bei ya kuudhi, lakini hata sisi huangalia embe kwanza.

Kuna wale watasema kwa komenti, "tunalipia burudani." Sawa. Basi andika burudani. Usiandike "lulu halisi ya bahari."

Kinachoniuma zaidi ni Fumba, kule Unguja. Kuna kina mama huko wamefuga chaza kwa ajili ya lulu nusu. Wanagandisha kiini ndani ya gamba la chaza aliye hai, wanamrudisha baharini, wanangoja karibu mwaka mzima, wakiomba asife. Lulu inakatwa na gamba lake, hakuna kushtukiza mtu. Sasa mama huyo akitaja bei yake, dem wa Nairobi anamwambia, "Ghali! Mimi nilipata mbili kwa 1,500."

Nimemrudishia binamu 200 zangu. Zile 1,300 ziko kwa mwenye biashara, na ameniblok.

Kwa hivyo wewe unayeingia laivu leo saa mbili usiku, na unajijua, andika hapo chini vitu vitatu: ni ya maji chumvi ama baridi, imetiwa rangi ama la, na nani aliiweka ndani. Nitakuwa kwa komenti.