Tupime Kwanza, Ndipo Tufute

Diski ya kompyuta ya idara ikijaa, mtu hufungua folda, hutafuta mafaili makubwa, kisha huyafuta. Katika idara ya uhasibu pengine hasara ni ndogo. Kwetu sisi, mafaili makubwa ndiyo sauti za wazee. Rekodi ya WAV ya hezi 44,100, biti 16, njia mbili, inakula megabaiti 10 na zaidi kwa dakika, yaani zaidi ya 600 kwa saa. Masimulizi ya Kilega ya jioni moja yanaweza kuzidi uzito wa memwari za promosheni nzima. Jicho likiachiwa lichague, litachagua masimulizi. Na kama msimulizi amekwisha kufariki, hakuna wa kumrudia na kinasa sauti.

Naona mtu asiruhusiwe kufuta kitu kabla ya kuandika amri mbili. Kwenye mashine ya Linux, fungua terminali uandike df -h. Utaona ukubwa wa kila diski, kilichotumika, kilichobaki na asilimia. Lakini df haisemi ni nani aliyekula nafasi. Hiyo ni kazi ya du (si ile ya Kifaransa, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha matumizi ya diski). Ukiwa ndani ya folda yako kuu, andika:

du -h --max-depth=1 | sort -h

Folda zitajipanga kutoka ndogo hadi kubwa, na mstari wa mwisho kabisa ni jumla. Wengi wanapenda du -sh *, lakini mimi siipendi: ile nyota inaruka majina yanayoanza na nukta, na mara nyingi pipa la takataka limo ndani ya .local. Faili uliyoitupa kwa kipanya bado iko pale, inakula. Mara nyingine kumwaga pipa hilo kunatosha, wala hakuna rekodi ya kugusa.

Kuna wanaosema hii ni kazi ya mtu wa informatiki. Yeye atajua kwamba folda ina giga 40. Hatajua kama ndani yake mna hadithi za Kitembo au filamu za mwanafunzi aliyemaliza zamani. Wengine wanasema tugeuze zote ziwe MP3. MP3 inatupa sehemu ya sauti, na sehemu hiyo hairudi tena. Mtu anayepima fonimu baadaye atafanya nini? FLAC mara nyingi inapunguza uzito karibu nusu bila kupoteza chochote, na unaweza kuirudisha kuwa WAV.

Ninachoomba ni kidogo. Orodha ya du ichapwe na kubandikwa mlangoni juma moja, kila mwenye folda aandike jina lake pembeni, na folda isiyo na jina iulizwe kwa maprofesa kwanza. Na katika somo la utafiti uwanjani, siku ile tunayofundishwa kushika maikrofoni, tupewe pia saa moja ya df na du.