Dhahabu Ina Mwenyewe



Watoto wetu huangalia filamu nyingi za katuni, nasi wazazi na viongozi wa jumuiya mara nyingi twaridhika kuwaona wametulia. Lakini yatupasa kuketi nao na kuuliza: katika hadithi hii, nani ana sauti, na nani ni pambo tu? Tuchukue mfano wa filamu ya The Road to El Dorado, iliyotolewa Marekani mwaka 2000.

Filamu hiyo yasimulia habari za walaghai wawili wa Kihispania, Tulio na Miguel. Mwaka 1519 wanaipata ramani ya hazina kwa kamari ya udanganyifu, kisha wanafika katika mji wa dhahabu, ambako wanadhaniwa kuwa miungu. Mwishowe wanaipoteza dhahabu waliyopewa ili kuuficha mji huo usivamiwe na Hernán Cortés.

Tuseme kwa haki: mema yamo. Mji wa wenyeji una uzuri na utaratibu, na chifu wao, Tannabok, ni mtu wa busara. Sauti yake na ile ya Chel, mwanamke mwerevu wa mji huo, zilitolewa na Edward James Olmos na Rosie Perez, Wamarekani wenye asili ya Meksiko na Puerto Rico.

Hata hivyo, kuonekana si sawa na kuhesabiwa. Ramani imo mikononi mwa wageni, na hata wokovu wa mji watoka kwao. Chel, pamoja na werevu wake wote, anadai fungu la dhahabu na kutamani kuondoka kwao. Tena watu hao hawana taifa lao hasa: majengo yao yafanana na ya Wamaya na Waazteki, ilhali habari za El Dorado zilianzia kwa Wamuisca wa nyanda za juu za Kolombia. Wala El Dorado hakuwa mji. Wahispania walimwita hivyo mtu: mtawala aliyepakwa vumbi la dhahabu na kutoa sadaka katika ziwa la Guatavita. Tamaa ndiyo iliyomgeuza mtu kuwa mji, na mji kuwa mali.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika historia mwenyeji hakupona. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka mwaka 1521 baada ya vita, njaa na ndui. Nasi wana wa Kanisa tukiri kwamba msalaba ulisafiri pamoja na upanga. Lakini sauti za haki hazikukosekana. Mwaka 1511, katika kisiwa cha Hispaniola, Padre Antonio de Montesinos, Mdominikani, aliwakemea walowezi hadharani. Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu alitamka kwamba wenyeji hao ni wanadamu kamili, wasinyang'anywe uhuru wala mali, hata kama hawajaipokea imani.

Hatusemi filamu hii ipigwe marufuku, la hasha. Twasema ijadiliwe, nyumbani na katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Waulizeni watoto: Chel angeisimulia vipi hadithi hii? Dhahabu ile ilikuwa ya nani? Mtoto asiyeulizwa hayo atazoea kuamini kwamba mali ya wengine ni ya yeyote atakayeifikia. Siku atakapopata cheo, atalitazama shamba la mjane kama Tulio alivyoitazama ile ramani.