Njia ya Mkato Isiwapofushe Wanafunzi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa (a + b)² ni sawa na nini, mara nyingi hujibu bila kusita: a² + b². Jibu hilo ni kosa. Lakini kosa si la mtoto peke yake, kwani alipewa kanuni ya kukariri kabla ya kuonyeshwa chanzo chake.

Chanzo chenyewe ni chepesi. Shamba la mraba lenye upande wa meta 10 likiongezwa meta 3 kwa urefu na meta 3 kwa upana, eneo lake huwa meta za mraba 169. Anayejumlisha 100 na 9 hupata 109, naye amepoteza meta za mraba 60. Hizo ni vipande viwili vya kando, kila kimoja meta 10 kwa 3. Ndiyo maana jibu kamili ni a² + 2ab + b². Euclid alilithibitisha jambo hili kwa mchoro zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Al-Khwarizmi wa Baghdad naye, katika karne ya 9, alieleza kwa miraba na mistatili elimu ya aljebra, iliyopata jina lake katika kitabu chake.

Hapana anayesema njia ya mkato ni haramu. Ajuaye kwamba (a + b)(a − b) ni a² − b² huzidisha 103 kwa 97 kichwani: 10,000 kutoa 9, yaani 9,991. Hiyo ni silaha njema. Lakini anayekariri tu utaratibu wa kuzidisha mabano yenye sehemu mbili mbili hukwama papo hapo bano moja likiwa na sehemu tatu. Aliyeelewa kwamba kila sehemu ya bano la kwanza huzidisha kila sehemu ya bano la pili hakwami kamwe.

Wala jambo hili haliishii darasani. Fungu la shilingi 1,000,000 likipunguzwa asilimia 10 mwaka huu, kisha likaongezwa asilimia 10 mwaka ujao, wako watakaodhani limerudi pale pale. La hasha! Linakuwa shilingi 990,000, kwa sababu 0.9 mara 1.1 ni 0.99. Shilingi 10,000 za umma hazipo, na mtumishi aliyekariri bila kuelewa hajui zilikokwenda.

Ni kweli kwamba walimu wana madarasa yaliyofurika na mitihani isiyosubiri. Hata hivyo, dakika chache za kuchora mraba ubaoni huokoa saa nyingi za kusahihisha kosa lile lile mwaka mzima. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilidai shule zijenge akili yenye kudadisi, wala si watoto wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Dai hilo bado ni deni.

Kwa hiyo walimu hawana budi kuanza na mchoro, kisha hesabu za namba, na kanuni ije mwisho. Nao wasimamizi wa elimu wapime uelewa, si wepesi wa kujibu tu. Haraka haraka haina baraka.