Uvumi Usiwe Hukumu

Endapo mwananchi wa Magoma, wilayani Korogwe, atanyoshewa kidole kwamba ni mtu wa mapenzi ya jinsia moja, ni nani aliye na mamlaka ya kumhukumu? Si mwenyekiti wa kijiji, si mgambo, wala si vijana waliokusanyika gengeni. Ni mahakama peke yake, nayo haihukumu mwendo wa mtu wala sauti yake. Huhukumu tendo lililothibitishwa.

Jambo hili halina budi kuelezwa waziwazi, maana wako wanaodhani kwamba anayeshukiwa huwa amekwisha kuvuliwa uraia. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na maskani ya kila mtu. Imeandikwa "kila mtu", hakuna aliyetengwa.

Ni kweli kwamba sheria ni kali. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kuingiliana kinyume cha maumbile, hata baina ya mume na mkewe, jambo ambalo wengi wa wanaopiga kelele hawalijui. Zamani adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 14. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliifanya isipungue miaka 30. Anayeua bila kukusudia aweza kufungwa muda mfupi kuliko huo! Husemwa kwamba hiyo ni mila yetu. Lakini wazee wa Kisambaa na Kizigua hawakuitunga. Waingereza waliiandika India mwaka 1860, kisha wakaileta Tanganyika mwaka 1930. Huko India kwenyewe, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 6 Septemba 2018 kwamba watu wazima walioridhiana faraghani wasiadhibiwe tena. Bunge letu lina wajibu wa kuipima upya adhabu hiyo.

Hofu nayo ina gharama. Mwaka 2017 vituo 40 vya mashirika ya kiraia vilizuiwa kutoa huduma za UKIMWI kwa madai ya kuhamasisha ushoga. Mgonjwa anayeogopa kumwambia mganga ukweli hubaki na virusi vyake, na virusi humfuata mkewe nyumbani.

Ng'ambo ya mpaka wa Tanga, wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015 walipimwa maungoni kwa lazima ili upatikane ushahidi. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikiketi Mombasa, ilitamka kwamba upimaji huo ulivunja haki zao. Sheria inayokataza tendo lenyewe haikuguswa, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaiacha iendelee. Basi hata pale kosa linapobaki vitabuni, utu wa mshukiwa waweza kulindwa.

Askari wa Korogwe hawana haja ya kungoja sheria mpya ili watende hivyo. Mwananchi aliyepigwa na majirani kwa sababu ya uvumi akifika kituoni, apewe fomu ya PF3 akatibiwe, na waliompiga wakamatwe.